Bastola Tatu Nilizozikataa

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha silaha, vijana wa zamu waliniuliza swali kabla hata keki haijakatwa: katika bastola ndogo za mazoezi, mtu anayeanza achaguliwe ipi? Niliwaambia nitawaandikia nikifika nyumbani. Nimefika Machakos, nimepumzika mpaka nimechoka kupumzika, na sasa naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu vya Doha vilikuwa vya kubandikwa kifuani, na mshahara wangu mnaujua, ni ule ule mnaoulalamikia. Nitaeleza bastola. Ila nimejaribu mara kadhaa kueleza bastola bila kueleza aibu yangu, na maelezo yote yalitoka kilema. Kwa hiyo mtavumilia.

Nilifika Doha miaka ya elfu mbili, nikitokea polisi nyumbani, ambako nilikuwa sajini. Cheo nilikiacha Kenya lakini jina lilipanda ndege nami. Hadi naondoka, karibu kila mtu pale klabuni aliniita Sajini, hata mpishi. Wengi wenu mliikuta klabu ina maegesho na mgahawa. Sisi tuliikuta ni jengo moja refu la kupigia shabaha na kibanda cha mlinzi, nje ya mji, mbele ya Al Wukair, na Al Wukair yenyewe wakati huo ilikuwa nyumba chache na vumbi jingi. Wanachama walikuwa wenyeji wenye vibali vyao. Walikuja jioni kutoboa karatasi, wakanywa chai, wakaenda makwao. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kinachotobolewa ni karatasi tu.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Idris, fundi wa silaha. Alikuwa Msudani mrefu, mkimya, aliyewahi kuishi Isili kule Nairobi miaka ya kutosha kujua Kiswahili cha sokoni na kupandisha bei. Chumba chake kilinukia mafuta ya bunduki. Juu ya benchi alikuwa amepanga tupa za kila ukubwa, nyundo ya shaba na miswaki iliyozeeka, na ole wako uchukue mswaki bila kuuliza. Asubuhi hiyo ya kwanza alinipa bastola nyembamba, nyepesi. Nikaipima mkononi, nikacheka.

"Hii ni ya kufukuzia kunguru?"

"Ya kufundishia," akasema.

"Kufundishia watoto?"

"Kufundishia wanaosikia."

Ndiyo hii tunayoiita tu-tu, yaani mbili-mbili, kwa namba ya kipimo cha risasi yake. Risasi yake ni nyembamba kuliko kidole changu kidogo, na dawa ya kuiwasha imefichwa kwenye ukingo wa kitako chake, si katikati kama risasi kubwa. Mlio wake ni mdogo na teke lake ni la mwana-mbuzi. Idris alinifundisha jambo moja siku hiyo ambalo polisi hawakunifundisha. Kwa bastola kubwa, askari hufyatua tupu mara nyingi apendavyo, kuzoeza kidole. Nami nilikuwa nimeshaanza kuifyatua ile tu-tu tupu, tak, tak, tak, nikijionyesha. Idris akanishika kiganja. Kwa kuwa pini ya tu-tu hugonga ukingo, pasipo risasi ncha yake hugonga chuma chenyewe cha chemba, pale risasi inapokaa, na baada ya muda chemba huingia kovu na risasi hukwama. Kuna za kisasa zinazovumilia, lakini mpaka uwe umesoma kitabu chake, chukulia haivumilii.

"Umeharibu ngapi kwenu namna hii?" akaniuliza.

"Kwetu hatuna vitu vidogo vidogo," nikamjibu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Mimi nilikuwa mtu wa milimita tisa. Nilipewa bastola ya tisa ya kazini, nzito, nyeusi, na niliipenda kama wengine wanavyopenda gari. Ila ilikuwa na tatizo. Nikilenga katikati, risasi zilianguka chini kushoto. Siku ya kwanza nilisema ni joto. Siku ya pili nilisema ni risasi mbovu. Mwishowe nikampelekea Idris, nikamwambia saiti, vile vyuma vya kulengea, zimekaa vibaya, azisogeze. Akaenda nayo renji, pale pa kupigia shabaha, akaipiga mwenyewe, akarudi.

"Saiti ni sawa, Sajini. Ni mkono."

"Mkono huu umefundisha kikosi kizima. Wewe sogeza."

Aliniangalia kidogo, kisha akachukua nyundo ya shaba, akaisukuma saiti ya nyuma kuelekea kulia. Akachukua tupa, akaipunguza ya mbele. Nikapiga, nikapata katikati. Nikamwambia, "Unaona?" Akasema anaona.

Kuanzia hapo bastola ile ilikuwa yangu na mimi nilikuwa wake. Kila mlinzi wa lango au dereva aliyetaka kupanda awe mkufunzi, nilimpima kwa hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo niliyoiamini. Mtu alipiga magazini moja, yaani kibweta kimoja cha risasi, mara moja tu. Nilikuwa na msemo wangu kuhusu hilo, eti adui hasubiri upige mara ya pili. Ni msemo wa ajabu kwa mtu ambaye adui yake ni karatasi, lakini hakuna aliyenikumbusha.

Katika niliowapima alikuwepo Opio, Mganda wa Tororo, mlinzi wetu wa usiku. Kijana mpole, mwenye mabega mapana. Alisimama, akapumua, akapiga. Tulipovuta karatasi, matundu yake yote yalikuwa juu kulia, yamekusanyika pamoja kiasi cha kufunikwa kwa kiganja. Sasa someni hapa kwa makini, kwa sababu ni somo la kwanza la ukufunzi na mimi mkufunzi nililipita kama sikuliona. Matundu yaliyotawanyika yanakwambia mkono haujatulia. Matundu yaliyokusanyika, hata yakiwa mbali na katikati, yanakwambia mkono umetulia na chombo ndicho kina kasoro. Niliyatazama matundu ya Opio yaliyokusanyika kama vifaranga, nikamwambia mbele ya wenzake, "Mkono wako unaogopa."

"Sawa, Afande," akasema. Akairudisha bastola kwa mikono miwili, kwa adabu, akaenda langoni. Mkataba wake ulipoisha hakurudi.

Ilipita miaka. Minara ya West Bay, mtaa wa maghorofa kule mjini, iliota mmoja mmoja mpaka tukawa tunaiona kutoka kwenye paa la klabu siku zisizo na vumbi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mkuu wetu Abu Nasir akaja na habari. Klabu ingefungua asubuhi za kina mama. Milango ifungwe, wanaume watoke, na mkufunzi awe mwanamke. Alitaka vitu viwili kutoka kwetu: mkufunzi huyo, na bastola nyepesi ya kufundishia. Muuzaji alileta tatu za kujaribu, zote tu-tu. Abu Nasir akasema mimi na Idris tuchague.

Nitawaeleza zote tatu, maana mliniuliza.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma kitupu, mtutu mrefu, ya mashindano. Triga yake ilikuwa laini ajabu. Ukiifikiria tu imeshakubali. Lakini ni nzito. Anayeanza hupiga risasi chache nzuri, kisha mkono unaanza kushuka, naye anadhani amesahau alichofundishwa kumbe amechoka tu. Ya pili ilikuwa ndogo ya plastiki, nyepesi kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Wepesi ukizidi bastola haitulii, kila pumzi inaitikisa. Mtutu wake mfupi, saiti zake hazisogei, na triga yake ngumu kama kuvuta ndoo kutoka kisimani. Ingekaa vizuri mfukoni, lakini sisi hatufundishi mifuko. Ya tatu ilikuwa katikati. Mwili wa aloi, mtutu wa wastani, kitako chembamba ambacho kiganja kidogo kinakizunguka. Slaidi, yaani kile kifuniko cha juu unachokivuta nyuma kuingiza risasi, ilivutika bila kukunja uso. Saiti yake ya nyuma ilisogezwa kwa bisibisi. Na ilikula risasi za kila aina bila kukwama, jambo ambalo tu-tu nyingi hazikubali. Tu-tu huchagua chakula kama mtoto aliyedekezwa.

Idris alisema ya tatu, siku ile ile. Mimi nilisema hapana, nizipige kwanza.

Nikazipiga. Ya kwanza, chini kushoto. Ya pili, chini kushoto. Ya tatu, chini kushoto. Nikaziweka mezani moja moja nikamwambia Abu Nasir, "Mbovu. Zote. Muuzaji ametuletea makapi." Bastola tatu kutoka viwanda vitatu, zote zinakosea pembe moja. Mtoto wa shule ya msingi angeuliza imekuwaje. Mimi sikuuliza, na Idris alikuwa anafuta miwani yake.

Hapo ndipo anapoingia Kemunto. Wengi wenu mnamjua kama mama wa renji, lakini wakati huo alikuwa mlinzi wa lango, aliyeletwa kukagua mikoba ya kina mama. Ni Mkisii, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika hadi maegeshoni. Kabla ya hapo alilinda mnara mmoja West Bay, akisimama karibu na lifti kutwa nzima akisema karibu kwa watu wasiomwona. Aliishi mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na wenzake, vitanda vya ghorofa, na aliniambia mara moja kwamba hapa klabuni ndipo mahali pa kwanza Doha alipoulizwa jina kabla ya kuulizwa kitambulisho. Kwa ruhusa ya Abu Nasir, Idris alikuwa akimfundisha kusafisha silaha asubuhi tulivu, halafu kupiga kwa tu-tu yetu kuukuu. Mimi nililijua hilo na nilikuwa nikilifanyia mzaha. Nilimwita komando wa mikoba.

Idris alimwita ashike zile tatu, kwa kuwa kiganja chake kilifanana na cha wanafunzi tuliokuwa tunawangoja. Aliposhika ya tatu akasema, "Aki hii imenikubali." Akapiga. Matundu yote katikati, mengine yakigusana.

"Bahati," nikasema.

Abu Nasir alinitazama, akaitazama karatasi. "Sajini, wewe unasema bastola kharabu. Binti anapiga katikati. Nimsikilize nani?"

Nikasema kwa sauti ya paredi kwamba mkufunzi hapimwi kwa kichezeo. Apimwe kama wanaume walivyopimwa, kwa tisa, kwa bastola yangu. Abu Nasir akakubali. Mambo yakawa wazi kwa kila mtu pale: akifaulu, Kemunto anakuwa mkufunzi wa kina mama na ya tatu inanunuliwa. Akishindwa, kampuni ya ulinzi inamrudisha kwenye mnara, karibu na lifti, na bastola zote tatu zinarudi kwa muuzaji.

Alivaa vifuniko vya masikio. Alikuwa ameanza kupiga tisa majuma machache tu kabla, Idris akimpandisha taratibu kutoka tu-tu. Nikampa bastola yangu. Akapiga magazini moja.

Juu kulia. Yote yamekusanyika.

Mnaosoma sasa mnajua nilikuwa nimewahi kuona matundu yale. Mimi nami niliyaona, na nawaapia kwamba Opio alinijia kichwani. Nikamfukuza, nikasema, "Mkono wako unaogopa."

"Mzee, mimi nililenga katikati kabisa."

"Kila mtu hulenga katikati, binti yangu."

Akaiweka bastola mezani. Abu Nasir akatoa pumzi, akasema khalas, yaani imekwisha, akaanza kugeuka. Ndipo Idris alipotoka chumbani kwake na ile bastola ya tatu, magazini imeshajazwa, akaiweka mezani mbele yangu, mdomo ukielekea kwenye karatasi.

"Abu Nasir, kabla haijarudi kwa muuzaji," akasema, "Sajini aipige mara ya mwisho. Tuwe na hakika ni mbovu."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Wakufunzi niliowapitisha wote walikuwapo, wamesimama nyuma ya mstari. Nikajipanga kama picha ya kwenye kitabu. Risasi ya kwanza, chini kushoto. Nikageuza kichwa kidogo nikasema, "Mnaona?" Ya pili, chini kushoto. Ya tatu nikavuta triga na mlio haukuja.

Idris alikuwa amechanganya risasi bubu. Ni ya plastiki, haina baruti, ukubwa ule ule. Mpigaji hajui iko wapi, kwa hiyo anavuta triga akiamini mlio unakuja. Mkono uliotulia unabaki palepale, bastola inasema tik, basi. Mkono unaoogopa mlio unajikaza kabla mlio haujaja na kuisukuma bastola chini. Siku zote mlio na teke hulificha jambo hilo, kwa hiyo mtu anaweza kuishi nalo miaka na asijue. Pasipo mlio, hakuna pa kujificha.

Bastola ilisema tik, na mdomo wake ukainama chini kushoto kama kuku anayedonoa punje. Si kidogo. Aliyekuwa nyuma kabisa aliuona.

Nilibaki nimesimama hivyo hivyo, mikono imenyooka, nikiitazama bastola ambayo ilikuwa sasa inalenga sakafu. Uso uliwaka moto hadi masikioni, ndani ya vile vifuniko. Nilielewa yote kwa mara moja: mkono, saiti, nyundo ya shaba. Bastola tatu nilizozikataa zilikuwa nzima. Yangu ndiyo ilikuwa imepindwa, imepindwa ili imfae mtu anayeshtuka, na yeyote aliyekuwa na mkono ulionyooka hakuweza kufaulu kwayo.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Abu Nasir alitoa simu yake akaanza kusoma kitu ambacho hakikuwepo. Vijana waligundua dari ina mambo mengi ya kutazama. Na Kemunto, ambaye kazi yake ilikuwa imening'inia pale pale, aliinama akaanza kuokota maganda ya risasi sakafuni, polepole, ganda moja moja, ili asiuone uso wangu. Kwetu mtu mzima akivuliwa nguo unageuka pembeni. Kwao pia ni hivyo hivyo. Tumetoka nchi mbalimbali, lakini stara tulifundishwa wote.

"Yalla," Abu Nasir akasema, "karak."

Tukaenda kunywa chai ya karak. Iliyofuata ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi wa mchana, na usingizi wa mchana ndiyo faida kubwa ya kustaafu. Abu Nasir alikunywa vikombe viwili akizungumzia mvua, na Doha mvua si mazungumzo marefu. Kisha akasema bila kunitazama, "Basi Sajini, kama ulivyosema. Binti hakufaulu kwa tisa. Nitaijulisha kampuni."

Alikuwa ananistiri. Aliona alichoona, akaamua hakukiona, ili mzee aliyemfanyia kazi miaka ile yote abaki na heshima yake. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kunyamaza tu. Aliyestiriwa ni mimi, na ambaye angeilipia stara hiyo alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha plastiki, anatazama viatu vyake.

Na mimi nilinyamaza. Nilikunywa chai yangu. Nataka mlijue hilo, sikuruka mara moja kama shujaa wa sinema. Nilikunywa hadi nikaona majani ya chai chini, nikitumaini Idris ataniokoa, aseme yeye. Idris hakusema. Alikuwa amesema tayari, miaka mingi nyuma, kwa sentensi moja, nami nikamwambia asogeze.

Mwishowe nikasema, "Abu Nasir, ile tisa yangu... nadhani saiti zake zimesogea. Apimwe kwa nyingine."

Zimesogea. Kama kwamba zilitembea zenyewe usiku. Hata pale, mbele ya watu walioona kila kitu, sikuweza kusema nilizisogeza mimi na kwa nini. Nilitoa nusu ya ukweli na ile nusu ya pili nikaimeza na masalio ya chai.

Nusu ilitosha. Kemunto alipimwa mchana huo huo kwa tisa nyingine ya klabu ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa kwa tupa. Katikati. Halafu akapiga ile tu-tu ya tatu, nayo Idris akamwekea risasi bubu mbili. Tik, na mdomo haukutikisika. Abu Nasir akasema mabruk, hongera. Kemunto alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na alipovitoa alikuwa analia na kucheka pamoja. Alikuja kunishukuru. Mimi! Akasema, "Asante Mzee, bila wewe kusema vile ningerudi kwa lifti." Nikaitikia karibu, kwa sababu ulimi wangu haukujua neno lingine.

Idris hakuwahi kulizungumza. Kesho yake niliikuta tisa yangu juu ya benchi lake, saiti ya mbele mpya, ya nyuma imerudishwa mahali pake. Nikaipiga. Chini kushoto. Niliisafisha, nikaikabidhi, sikuichukua tena.

Nilimtafuta Opio. Namba yake ya Doha ilipokewa na Mnepali mpole aliyesema nimekosea. Waganda wa Al Mansoura wengine walisema alikwenda nchi nyingine ya Ghuba, wengine walisema yuko kwao analima. Nilituma salamu kwa kila aliyesafiri, lakini salamu haisemi "mkono wako ulikuwa mzuri". Hata kama ingemfikia, sijui angeipokeaje. Pengine ameshazoea kuamini nilichomwambia. Watu huamini, ukisema kwa sauti ya paredi.

Na sasa ninyi. Wakufunzi wa zamani miongoni mwenu, niliowapitisha kwa bastola ile: mlifaulu kwa sababu mikono yenu ilisukuma chini kushoto kama wangu, na mkaona mmepiga katikati. Waliokuwa na mikono iliyonyooka niliwarudisha langoni. Hili mnalisoma leo kwa mara ya kwanza, na natamani ningeliandika nikiwa bado nakutana nanyi kwenye kantini. Nilistaafu kwanza, nikavuka bahari, ndipo nikaandika. Hilo nalo liongezeni kwenye hesabu yangu. Msikasirike na mikono yenu, inatibika. Chukueni tu-tu ya tatu, mwombeni mwenzenu ajaze magazini na risasi bubu ndani, na mpige taratibu, siku nyingi, mpaka mdomo uache kudonoa. Msimpe anayeanza bastola kubwa siku ya kwanza. Msimchagulie nyepesi kupita kiasi mkidhani mnamhurumia. Chagueni inayoingia kiganjani mwake, si kiganjani mwenu. Na msisogeze saiti mpaka mtu mwingine aipige.

Nami nilitibiwa, kwa kiasi. Nilimwomba Kemunto nafasi kwenye njia ya wanaoanza, asubuhi kabla ya kina mama kufika, na alinipa bila swali. Nilianza upya na kichezeo nilichokicheka. Miaka yangu ya mwisho niliimaliza nikisafisha tu-tu na kuzipanga mezani kwa ajili ya wanafunzi wake.

Siku ya kuondoka, baada ya keki, nilimwomba anijazie magazini moja. Akajaza amenipa mgongo. Nikasimama, nikapumua. Katikati. Katikati. Kisha tik, na mdomo ukashuka. Kidogo, si kama zamani, lakini ulishuka, na yeye alikuwa pembeni yangu akitazama. Niliiteremsha bastola nikasubiri ile sentensi ya mkono unaoogopa. Niliijua vizuri, mimi ndiye niliyeitunga, na sikuwa na haki ya kuomba nyingine.

Kemunto aliivuta slaidi, akaidaka ile risasi bubu kiganjani, akanirudishia bastola.

"Rudia, Mzee," akasema. "Hatuna haraka."

Nikarudia. Opio hakuambiwa arudie.